Pelagia wa Vifurushi na Jeneza Lisilokuwa na Wanawake

Tunaanza kwa kuomba radhi. Jarida hili la wafanyakazi wa reli halijatoka tangu mwaka juzi. Baadhi yenu mlidhani tumeishiwa karatasi. Sivyo. Mwenzetu mmoja alikuwa akitoa ushahidi mahakamani, na tuliona heri kunyamaza kuliko kuchapa neno ambalo wakili wa upande wa pili angelisimama nalo. Sasa ushahidi umefungwa, na mwenzetu huyo anaondoka kazini.

Bibi Pelagia Mathias, Karani Mkuu wa Vifurushi, anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia reli kwa miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Tura, akaajiriwa Tabora mwaka 1986, kisha akahamishiwa Kaliua, zinapoachana njia ya Mpanda na ya Kigoma. Huko ndiko alikopewa jina la Mama Mizani. Padri mmoja alitaka gunia lake la mchele lihesabiwe kuwa mzigo wa mkononi.

"Baba, mizani haijabatizwa. Weka hapo," aliambiwa. Padri akaweka, akacheka.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya wasifu huu. Inayofuata ni nzito, na vijana waliojiunga nasi karibuni wanapaswa kuijua.

Njia hii ni ya kale. Misafara ilipita hapa ikielekea pwani, pembe za ndovu zikiwa mabegani mwa watu waliofungwa minyororo. Reli ikafuata nyayo zilezile, na wezi wakaifuata reli. Bi. Pelagia alipoajiriwa, sukari, sabuni na betri vilikuwa adimu. Behewa lilifungwa lakiri bandarini Dar es Salaam likiwa limejaa sabuni, likafunguliwa Tabora likiwa na mawe. Genge la bandarini lilikuwa na mtu wa kufungua, mtu wa kufunga, na mtu aliyelipwa ili augue siku hiyo. Bidhaa zilipojaa madukani, genge likahamia kwenye makontena, halafu kwenye dawa za kulevya, halafu kwenye meno ya tembo kutoka mapori ya upande wa Mpanda. Waliokuwa wapagazi wakajenga maghorofa. Waliokataa kushirikiana nao walihamishwa, wengine walizikwa.

Mchana mmoja wa Oktoba 2014, treni ya Mpanda ilishusha jeneza Kaliua. Wanaume wanne wenye suti nyeusi walisema wanakwenda kumzika ndugu yao Dar es Salaam. Hati zao zilikuwa sahihi. Lakini stesheni ya Kaliua ina desturi yake: jeneza halingoji treni peke yake. Wanawake wa pale, Wakatoliki kwa Wamoravian, hufunga khanga kiunoni, huketi chini karibu nalo na kuimba mpaka treni ifike. Bi. Pelagia alifunga dirisha lake, akatoka na wenzake kuwatafuta wanawake wa msiba ili wawape pole. Hawakumwona hata mmoja.

"Mama wa marehemu yuko wapi?" aliuliza.

"Hana."

"Mke? Dada? Shangazi?"

"Mama, sisi tuna haraka. Marehemu hakuwa na mwanamke."

"Hata wa kumzaa? Basi aliota porini kama uyoga?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mfiwa wa kweli angekasirika. Wale wanne walitazama saa zao.

Genge lilikuwa limefikiria hati, suti, hata shada la maua. Halikufikiria kwamba huku kwetu mtu hazikwi na wanaume watupu.

Bi. Pelagia alimwita Festo Silasi, askari wa reli, naye akalifungua jeneza mbele ya mkuu wa stesheni. Ndani mlikuwa na meno ya tembo, yamegandishwa kwa nta ya nyuki ili yasigongane. Wanne wale wakakamatwa. Kabla ya Krismasi, Festo alikutwa amekufa kando ya reli, karibu na Tura, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Aliacha mjane, Levina, na watoto.

Baada ya mazishi, mtu mmoja nadhifu alifika dirishani kwa Bi. Pelagia.

"Dada, nimekuletea salamu kutoka bandarini. Wanasema Festo alisahau kwamba reli ni ndefu. Wewe usisahau."

"Foleni nayo ni ndefu. Huna mzigo? Pisha. Anayefuata!"

Jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, alisimulia aliyoambiwa. Wenzake wakamsindikiza nyumbani, na wakaendelea kumsindikiza miaka yote iliyofuata. Mara mbili alipewa uhamisho, akaukataa, kwa sababu Levina hakuwa na pa kuhamia.

Mwaka 2023 mtu alikamatwa, akashtakiwa kwa kupanga mauaji ya Festo. Kwa kuwa hukumu bado, hatumtaji jina. Bi. Pelagia aliitwa kutambua kama ndiye yule aliyeleta salamu dirishani.

"Miaka kumi imepita, mama," wakili alimwambia. "Unaikumbukaje sura ya mtu wa dirishani?"

"Mwanangu, nimekuwa nikiiona kila nifumbapo macho."

Upande wa mashtaka hauna shahidi mwingine aliyewahi kumsikia mtu yule akilitaja jina la Festo. Neno la Bi. Pelagia likikubaliwa, Festo atakuwa ametendewa haki. Likikataliwa, mshtakiwa atatoka akiwa huru, wakati Bi. Pelagia, kwa kuwa amestaafu, hana tena nyumba ya stesheni wala askari wa kumlinda mlangoni. Anarudi Tura kulima karanga. Levina anakwenda naye.

Bi. Pelagia, ahsante. Umeilinda reli hii kwa gharama ambayo hatukustahili kukutwisha. Tunakuombea mvua ya wakati wake, afya, usingizi mzuri, na mlango usiobishwa hodi na mgeni usiyemjua.

Jaji bado hajapanga siku ya hukumu. Atakapoisoma tutaandika, mshtakiwa afungwe au aachiwe. Akiachiwa, hatutangoja kuchapa. Tutapanda treni ya kwanza kwenda Tura.