Turubai la Bwawa la Aldersyke: Kumuaga Bw. Clive Ormerod

Na Maureen Tattersall, mwalimu wa kuogelea

Ijumaa hii, tarehe 25 Aprili, Bw. Clive Ormerod anastaafu baada ya miaka thelathini ya utumishi katika Halmashauri ya Aldersyke, kumi ya mwisho akiwa Mkuu wa Kupunguza Hewa ya Ukaa. Siku hiyohiyo milango ya bwawa letu la kuogelea inafungwa kabisa. Mhariri ameniomba niandike kwa uchangamfu, nami nitajitahidi.

Kazi ya Clive kwetu ilikuwa moja: kupunguza gesi inayochomwa na boila zetu mbili za kupasha maji joto, maana jengo letu linakula gesi nyingi kuliko shule zote za mji zikiwekwa pamoja. Alianza na mabango. Alibandika picha ya dubu wa barafuni katika kila chumba cha kubadilishia nguo, kisha akateremsha joto la maji. Kina mama wa mazoezi ya asubuhi walipolalamika, alisimama ukingoni na sweta lake la sufu, akawashauri wajizoeze kuvaa mavazi mazito.

"Mwanangu Clive," akamjibu Bi Edna Bickerstaffe, kiongozi wao ambaye hakuna aliyemchagua wala anayethubutu kumwondoa, "hebu ingia humu na hilo sweta lako, halafu ndiyo tuongee."

Kesho yake wote waliingia majini na kofia za sufu kichwani. Joto lilirudishwa kabla ya chakula cha mchana.

Baadaye mji jirani ukaweka bwawani kwake pampu za joto, mashine zinazovuta joto kutoka hewani badala ya kuchoma gesi. Kufika huko ni safari fupi ya basi. Clive aliunda kamati, na kamati ikapanda ndege kwenda Aisilandi kujionea mabwawa yanayopashwa joto na ardhi yenyewe. Walishinda majini wiki nzima, wakarudi wekundu kama kamba waliochemshwa. Ripoti yao, iliyochapwa kwa rangi, ilihitimisha kwamba Aldersyke haina volkano. Sisi tuliozaliwa hapa tulishukuru kuthibitishiwa.

Hatimaye Halmashauri ikachoka: gesi ishuke kwa theluthi, la sivyo bwawa lifungwe. Hapo Bi Edna na wenzake wakauza keki na pai sokoni majira yote ya baridi, wakanunua turubai la kufunika maji usiku. Kila aliyewahi kubandika sufuria anajua kazi ya mfuniko. Gesi ilishuka hadi fundi wa boila akadhani mita imekufa. Clive alipigwa picha akiwa amelishika turubai, na gazeti la mji likamwita shujaa.

Sasa, mwenyekiti wa klabu ya kriketi ni Clive huyohuyo. Ulipoanza msimu, mvua ikanyesha, na turubai la klabu la kufunikia uwanja likawa limechanika. Akaja kuazima letu kwa Jumamosi moja. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kila nilipomkumbusha alinipigapiga begani: "Wiki ijayo, Maureen. Mvua ikikata tu." Mtu mzima, mzaliwa wa Aldersyke ambako mvua haikati, eti anangoja ikate! Baridi ilipoingia na kriketi ikalala, turubai likafungiwa kwenye stoo ya klabu, na ufunguo wa stoo ulikuwa Uhispania na mtunza uwanja, wakiota jua wote wawili. Gesi ikapanda tena pale ilipokuwa. Mwezi wa pili madiwani walipiga kura, tukashindwa.

Nimefundisha kuogelea hapa tangu nikiwa msichana. Mji huu una mfereji mrefu wenye kina unaopita nyuma ya shule mbili, na watoto waliokuwa waanze kwangu mwaka huu hawajui hata kuelea. Nina hasira, tena nyingi. Clive, yeye, amepewa tuzo ya kioo: taarifa yake ya mwisho inaonyesha kwamba hewa ya ukaa ya bwawa imeshuka hadi sifuri, jambo ambalo hakuna mji mwingine mkoani uliolifikia.

Jumatatu tulimwaga maji. Jumanne turubai likarudi. Kanuni za usalama zinataka shimo tupu lifunikwe, na Clive, mtu wa kanuni, alilileta mwenyewe likiwa bado na nyasi. Tulilitandaza juu ya vigae vikavu. Limetosha kila pembe.

Bw. Ormerod, ahsante kwa dubu, kwa volkano, na kwa kutupigapiga mabegani. Tunakutakia ustaafu wenye afya na viangazi vikavu. Hilo la ukavu tunakuombea kwa moyo wote, kwa sababu kesho ya kustaafu kwako, Jumamosi, ni mechi ya kwanza ya msimu wa kriketi, utabiri ni mvua ya kutwa, na turubai tumelifunga kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo anao Bi Edna. Clive alimpigia simu jana kuuulizia.

"Wiki ijayo, mwanangu," alimjibu. "Mvua ikikata tu."