Ogoti Nyangau na Kware wa Bonde la Manga

Nyanchera, dada mkubwa wa marehemu, alipoombwa aandike historia hii alinung'unika kwamba familia ina watoto waliomaliza chuo kikuu na bado kazi inaachiwa bibi aliyeishia darasa la tatu, lakini ameiandika, na ameagiza isomwe yote, hata pale wenye suti watakapoanza kukohoa.

Marehemu Ogoti Nyangau alizaliwa tarehe 12 Machi 1957, hapa Manga, akasoma shule ya kijiji kuanzia 1965 hadi 1971, akaajiriwa mwaka 1976 kupima majani katika kituo cha kununua chai, na miaka thelathini yote alipima akiwa wima, jambo ambalo watu walilisifu kuwa bidii, ingawa dadake anajua ni kwamba hakuweza tu kukaa. Tarehe 6 Desemba 1981 alimwoa Gladys, wakajaliwa Mose na Lavender.

Kila msimu wa kuvuna wimbi, maboma ya bonde letu husimamisha milingoti, yakatundika matenga ya kware madume wanaoita wenzao, yakatega vitanzi chini, na watoto wakala nyama. Mlingoti wa mzee Nyangau, baba wa marehemu, ulibaki kwa Obwocha, kitinda mimba, pamoja na boma la baba. Kisha wakaja watu wa mbali na nyavu ndefu na vipaza sauti vinavyoimba kama kware, wakajaza magunia, wenyeji wakabaki kusikiliza. Mwaka 2019 Ogoti alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya bonde, akapitisha kwamba kila boma liwe na kibao chake cha ruhusa ya kutega, kipigiliwe mlingotini, wageni wote wapate vibao vinne tu kwa msimu, na kibao hakiazimwi.

Mwaka 2023 Abdirashid, mfanyabiashara wa mjini mwenye kibao halali cha mgeni, alimwuliza, "Mzee, sisi wageni ni wanne, mbona nyavu naona saba?" Ogoti alishuka bondeni bila kunywa chai, akakuta nyavu tatu zimefungwa kwenye mlingoti wa Obwocha, chini ya kibao chake.

"Ni watu wa Masimba, ndugu yangu, wananisaidia na unga," Obwocha akasema.

"Na watoto wa jirani wale nini, wimbo wa kipaza sauti?" Ogoti akamjibu, akang'oa kibao cha mdogo wake mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuna kati yao aliyekanyaga ua wa mwenzake.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024, akawa anageuka kitandani akiuliza kama kware wamefika. Kamati ilipomwuliza kama Obwocha arudishiwe kibao, alisema, "Alipe kwanza, na asilipe kwa pesa." Alifariki Jumatano, tarehe 4 Juni 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani, wenzake wa kituo cha chai, na Abdirashid, aliyeleta sukari bila kuombwa.

Mnaogeuza shingo kumtafuta Obwocha, yuko kule jikoni, hajakaa tangu asubuhi. Jana aliuangusha mlingoti wa baba yake kwa shoka lake mwenyewe, akaupasua kuni mbele ya kamati, na chai mliyokunywa mkisubiri maiti imechemkia juu yake. Pumzika basi, Ogoti, wewe usiyejua kukaa, mlingoti umeshakuwa majivu.