Makomamanga ya Gauni la Harusi

—Florini kumi na nane, Nyigu! Utazililia mpaka lini?

—Mpaka zilipwe! Kitanda changu cha kufumia kiko rehani, wewe unacheka?

Wananiita Nyigu kwa sababu sikawii kuuma. Tulikuwa kwenye benchi la mawe mbele ya nyumba ya Bwana Taddeo, hapa Firenze, tukipokezana chupa ya divai chungu: mimi mfumaji, Kibiongo mtia rangi hariri, na Lapo mchora masanduku ya maharusi, tunayemwita Profesa. Mlangoni palining'inia kitambaa cheusi. Binti wa Bwana Taddeo alikufa kwa homa, akazikwa juzi, ndoa yake ingali mbichi. Gauni lake la harusi nililifuma mimi: mahameli nyekundu yenye makomamanga ya dhahabu. Sasa baba mtu kanitumia salamu, kitambaa cha nuksi hakilipwi.

—Aliyaagiza mwenyewe, nikasema. Komamanga punje tele, alitaka wajukuu tele.

—Ndilo kosa hilo, akasema Profesa. Hadithi za kale hamzijui. Kuna binti alinyakuliwa na mfalme wa Kuzimu. Huko chini akala punje za komamanga. Basi, akawa wa huko.

—We Profesa, yule alikula. Huyu kavaa!

—Mdomoni na ngozini, kwani mbali?

Kibiongo akafuta midomo kwa kiganja chekundu.

—Si ulibana uzi wa dhahabu, Nyigu, punje zikatoka chache? Mfalme kaona tunda limeshamegwa, akajua binti kashaonja.

—Sheria ya mji ilinibana! Dhahabu ikizidi, faini.

—Basi sheria ndiyo imemuua.

—Na rangi yako je?

—Rangi yangu usiiguse! Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, ndiyo maana haichuji.

Nikamgeukia Profesa.

—Na wewe, sanduku lake ulichora nini?

—Gari la farasi la mfalme wa Kuzimu, na binti ndani yake. Ndicho wanachotaka siku hizi.

—Mbona hukutumiwa salamu?

—Mimi nililipwa kabla.

Mlango ukafunguka. Tukasimama. Bwana Taddeo alitoka na ndevu za msiba, macho mekundu. Dirisha la juu yetu lilikuwa wazi muda wote.

—Fundi, akaniambia polepole. Ningeagiza mawaridi, angepona?

Kibiongo akatazama viatu vyake. Profesa akaiziba chupa, akaendelea kukibonyeza kizibo.

Nilimwonea huruma, sikatai. Nikavua kofia.

—Sijui, bwana. Nilipe.