Sauti Iliyokuwa Chini ya Gitaa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya stoo ya Twalha, ile anayohifadhia maspika ya kukodisha kwenye maharusi, ndani ya mji mkongwe wa Bagamoyo, upande ule ambao ukiegemea ukuta unaondoka na chokaa mabegani. Ikishasaliwa alasiri, Salumu muuza kahawa anatua jiko na birika lake, vikombe vinalizwa, na watu wanaanza kubishana kabla kahawa haijagusa mdomo. Kuna siku ya mpira, kuna siku ya siasa, kuna siku ya kumsema aliyechelewa. Jumamosi ile ajenda ilikuwa moja tu, na ilikuwa imewapandisha watu mori tangu asubuhi: albamu za Abdullatif Umeme zimerudi.

Huyo Abdullatif ndiye mzee wa roki wa pwani nzima. Enzi za suruali za bugaluu na nywele za kuchanuliwa, alikuwa na bendi yake, Ngurumo Sita. Akagombana nao, akajitoa, akarekodi albamu zake mwenyewe, gitaa linanguruma mpaka kuku wanakimbia. Sasa kazeeka, yuko kwa bintiye Mombasa, na kampuni moja ya ng'ambo imezichukua kanda zake za mwanzo kabisa, imezisafisha, na kuzitoa upya. Twalha alikuwa nazo kwenye simu.

— Zimefuliwa! — alifoka Kitwana. — Hazikusafishwa, zimefuliwa! Mmesikia? Wamefua mpaka rangi imetoka.

Kitwana ni fundi wa mashine za boti, kajifunzia kazi kule chuo cha uvuvi Mbegani, na pale kijiweni anaitwa Kanda. Jina kalipata kihalali. Kaseti yake ya *Mvua ya Bati*, albamu ya pili ya Abdullatif, ameitunza tangu ujana wake, imerekodiwa kutoka kaseti nyingine iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine, na ule mkwaruzo wake wa shhh usioisha yeye anauita mchanga. Humwambii kitu juu ya mchanga ule.

— Kanda, tulia basi, — alisema Twalha. Yeye wanamwita Besi, kwa sababu harusi yoyote anayopiga muziki, majirani huteremsha vyombo kabatini mapema. — Sikiliza ngoma inavyogonga sasa. Zamani ilikuwa kama mtu anapiga godoro. Noma sana, mwanangu!

— Hilo godoro ndilo roho ya muziki. Wahenga walisema cha kale dhahabu. Dhahabu unaiosha na sabuni?

— Dhahabu inaoshwa, — alidakia Maulidi. Huyu analima mananasi Kerege, kwa hiyo anaitwa Nanasi, na mwenyewe haoni ubaya. — Tena wahenga haohao walisema samaki mkunje angali mbichi. Kanda ikishakauka, nani ataikunja? Wazungu wamefanya la maana.

— Sasa samaki na kanda vinakutana wapi?

— Vyote vinanuka vikikaa sana.

Benchi zima likacheka, hata Salumu aliyekuwa anapepea jiko. Lakini Kitwana hakucheka. Hakuwa anatetea mkwaruzo tu. Miaka nenda rudi alikuwa akiwaambia kwamba *Mvua ya Bati* haikurekodiwa Dar, kama inavyosemwa kwenye jalada, bali ilirekodiwa hapahapa Bagamoyo, nyumbani kwao, kwenye chumba cha uani ambacho mama yake, Bi Biubwa, alimpangisha Abdullatif alipokimbia ugomvi wa bendi. Alikuwa mtoto mdogo, lakini alikumbuka nyaya zilizopita juu ya mlango wa choo, na wapiga ngoma waliokula wali wa mama yake. Na miaka nenda rudi hakuna aliyemwamini.

— Haya, mwenye studio ya uani naye anasemaje? — Hiyo ilikuwa sauti ya mzee Ausi. Alikuwa karani wa mahakama, kastaafu, na jina lake pale ni Mahakama. Humwambii jambo asikudai shahidi.

— Nasema lilelile, mzee wangu. Albamu hii imezaliwa kwetu.

— Ushahidi?

— Mimi mwenyewe.

— Mlalamikaji hawi shahidi wake. Jalada linasema Dar es Salaam. Mficha uchi hazai, Kanda. Ungekuwa na ushahidi ungeshauzaa.

— Anapiga fiksi tu huyu, — alisema Maulidi kwa upole, akimkatia Kitwana kipande cha nanasi. — Lakini fiksi yake nzuri, haiumizi mtu.

Kitwana akalipokea nanasi, akalila kwa hasira. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba hata walipomkatalia walimkatalia kwa mapenzi. Mama yake alifariki yeye bado hajajua kusoma saa vizuri. Ilibaki picha moja yenye madoa. Basi kile kisa cha uani kilikuwa, kwake yeye, kama chumba alichobaki nacho cha nyumba iliyokwisha kuanguka. Kila wakikicheka, tofali moja linatoka.

— Lakini kuna kitu humu ndani, — alisema Twalha, simu sikioni. — Wimbo wa tatu, gitaa linapopumua kidogo pale kati. Kuna mtu anasema. Kwenye kaseti hakikuwepo hiki.

— Kilifunikwa na mchanga, — alisema Maulidi. — Leta.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilikuwa kweli. Gitaa linapanda, linapanda, linakatika ghafla, na kabla halijarudi kuna sauti nyembamba, ya mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya ukuta: *...tuanaa... tuanaa...*

— "Tuanze"! — aliruka Salumu na birika lake. — Anawaambia wenzake tuanze!

— Waanze nini, na wimbo uko katikati? — alisema Maulidi. — Hiyo ni sauti ya kike. Nawaambieni, Abdullatif alirekodi kwenye magofu ya Kaole. Huyo ni mwenye makaburi, kakasirishwa na makelele. Ndiyo maana gitaa limekatika! Mtu kashikwa mkono!

— Acha hizo, Nanasi. Makaburini umeme atoe wapi?

— Sasa anaitwa Umeme kwa nini?

Hapo hata mzee Ausi alitikisa kichwa kama aliyesikia hoja ya kisheria.

— Mimi naona hivi, — alisema. — Huyu si Abdullatif kabisa. Wakati wa kufua, kanda iliungua, wakaogopa kusema, wakamwambia kompyuta apige badala yake. Na kompyuta hajui Kiswahili, ndiyo maana anasema vitu havieleweki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kompyuta kaja, mwenyeji kapona.

— Kapona nini, mzee?

— Kapona kupiga gitaa.

— Hapana, hapana, — Twalha alikuwa kasimama sasa, macho yanawaka. — Sikilizeni. Zile zilikuwa enzi za magendo. Redio inasikika mpaka visiwani, sawa? Wimbo unapigwa usiku, nahodha anausikia, sauti inasema "tuanaa", maana yake njia nyeupe, leteni mzigo! Albamu nzima ni ishara! Ndiyo maana mzee alikimbilia Mombasa!

— Ewaa! — Salumu alipiga birika kwa kijiti. — Na ile albamu yake nyingine, *Chumvi Kavu*, ndiyo ilikuwa ya kusema polisi wapo!

Kila mtu alikuwa anazungumza kwa pamoja. Wapita njia walisimama. Kahawa ilimwagika kwenye kanzu ya mzee Ausi na mzee Ausi hakuona. Kitwana peke yake alibaki na kikombe chake mkononi. Simu ilipomfikia alikuwa ameisikia vibaya, kelele tupu, na ubishi ulikuwa umeshamwacha nyuma.

— Spika ndogo haina adabu, — alisema Twalha. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ngojeni nimlete mkuu mwenyewe.

Akafungua stoo, akaburuta spika moja lenye kimo cha kijana wa darasa la saba, akaliweka mlangoni, akaunga nyaya. Wimbo wa tatu. Ngoma ikagonga, na chokaa kidogo ikadondoka ukutani. Gitaa likaanza kupanda. Hata Kitwana, ambaye alikuwa ameapa kutoipenda, alihisi malaika yakimsimama mikononi. Likapanda, likapanda, likakatika.

*— Kitwanaa! We Kitwanaa!*

Kitwana alisimama.

Hakuamua kusimama, miguu ndiyo ilisimama, kama inavyosimama miguu ya mtoto aliyesikia akiitwa na mwenye haki ya kumwita. Kikombe kilimponyoka kikavunjika. Mdomo ulikuwa umeshafunguka nusu. Na pale kwenye spika, kabla gitaa halijarudi kufunika kila kitu, ile sauti iliongeza, chini zaidi, kwa mtu aliye karibu naye:

*— Dija, hebu mtazame nduguyo alipo.*

Gitaa likarudi kama bati linaloangushwa. Twalha akalizima.

Huko mbali pikipiki ilipita, ikaishia.

— Huyo, — alisema Kitwana, na sauti yake mwenyewe hakuitambua, — huyo mama yangu.

Maulidi alikuwa wa kwanza kushika kichwa.

— Kanda. Jina lako si Kitwana wewe?

— Kitwana wako wengi pwani hii, — alisema mzee Ausi, lakini alisema kama mtu anayetimiza wajibu, na mkono wake ulikuwa umeshamshika Kitwana begani. — Na huyo Dija?

— Dada yangu. Yuko Pangani.

— Mpigie. Mpigie sasa hivi! Mahakama inataka shahidi wa pili!

Kitwana akamkabidhi Salumu simu yake. Salumu ndiye aliyempigia. Dada akapokea, akaanza maswali ya habari za watoto, Kitwana akamwambia anyamaze kidogo asikilize, na Twalha akarudisha wimbo nyuma, simu ikashikwa mbele ya spika. Gitaa lilipanda, likakatika, sauti ikaita, sauti ikamtaja Dija.

Kisha upande wa pili kikatoka kigelegele. Kirefu, cha mwanamke mtu mzima aliyesahau yuko sokoni au yuko wapi. Kikaishia kwenye kilio, kisha kikawa kicheko.

— Mama! Ndiye mama, Kitwana! Alipokasirika alikuwa anavuta jina lako vilevile! Umeipata wapi? Umeipata wapi, kaka?

— Chini ya gitaa, — alisema Kitwana. — Ilikuwa chini ya gitaa siku zote.

Hapo kijiwe kilipasuka. Twalha alimbeba Kitwana juujuu, mtu mzima na tumbo lake. Maulidi alikuwa analia waziwazi na kugawa mananasi kwa wapita njia. Mzee Ausi alisimama, akajifuta kahawa kanzuni, akakohoa, akasema kwa sauti ya zamani ya mahakamani kwamba albamu ya *Mvua ya Bati* imethibitika kuzaliwa uani kwa Bi Biubwa, Bagamoyo, na anayepinga akakate rufaa Chalinze. Kisha akasema polepole, kwa sauti yake ya kawaida:

— Tuwie radhi, mwanangu. Tulikucheka sana.

Kitwana alikuwa anacheka na uso wote umelowa. Kilichomshangaza hakikuwa kwamba ameaminiwa. Alikuwa amesahau kwamba sauti ya mama yake ilikuwa na kukwaruza kidogo, kama mtu aliyetoka kupiga kelele na watu wa sokoni. Yeye miaka yote, kichwani mwake, alikuwa amempa sauti laini.

Katikati ya vurugu hiyo akatokea Nasrin, mtoto wa kaka yake Twalha, aliyetumwa kuchukua ufunguo wa stoo kwa ajili ya harusi ya kesho yake.

— Shikamooni.

— Marahaba! — wakaitika wote kama kwaya, wakamvuta, wakamsimulia kwa vinywa vitano, wakampigia wimbo. Nasrin alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Halafu akamgeukia Kitwana.

— Baba mdogo, alikuwa anakuitia nini?

Kitwana akaitazama simu, ambako Dija bado alikuwa hewani.

— Dija? Mama alikuwa ananiitia nini siku ile?

— Hata! — alisema Dija. — Sikumbuki. Alikuwa anakuita kutwa nzima, siku ipi nishike?

Na kwa kuwa kijiwe hakiwezi kukaa na shimo bila kulifukia, Maulidi akajikohoza.

— Mimi naona alikuwa anakutuma chumvi. Wali uko jikoni, wapiga ngoma wana njaa.

— Chumvi gani! — alisema Twalha. — Sauti ile ni ya mtu aliyekuta kitu kimevunjwa. Ulivunja nini, Kanda?

— Alikuwa anamwita akaoge, — alisema Salumu, akilipindua birika. Matone mawili, kisha masizi. — Kahawa imekwisha, jamaa zangu.

— Alikuwa anamwita chuoni, — alisema mzee Ausi. — Mwalimu wa Kurani keshafika, mtoto kajificha. Natoa hoja.

Wakaanza upya, mikono hewani, vikombe vitupu, na Dija akiingilia kwenye simu kutoka Pangani kwamba chuoni haiwezekani, wale walikuwa wakirekodi jioni tu. Nasrin akapewa nafasi ya kukaa. Kitwana hakubishana. Alisogea mpaka kwenye spika, akachuchumaa, akaweka sikio karibu kabisa na wavu wake.

— Twalha, — alisema. — Rudisha nyuma kidogo. Pale anapoita.