Samaki wa Kamaludin na Talaka ya Tatu

Kijiwe cha Kibokoni kina benchi moja refu lililoegemezwa ukutani, na kila mtu ana mahali pake pasipopaswa kukaliwa na mwengine hata akiwa safarini. Kichwani hukaa Chonga, aitwaye Hakimu kwa kuwa hawezi kuona ugomvi akaacha kuuhukumu. Kando yake hukaa Badi, jina la kijiweni Redio, na mwenye kutaka kujua sababu akae naye dakika moja tu. Baada ya alasiri Menza huja na dele lake la kahawa na vikombe vyake, na hapo baraza huwa limefunguliwa. Siku hiyo Kamaludin, fundi wa friji, alifika bila salamu, akakaa ukingoni kabisa, akapiga kikombe cha kahawa ya moto kwa mkupuo mmoja na wala hakukunja uso.

— Kamaludin, kuna msiba? akauliza Menza.

— Samaki wangu kageuka manjano.

Redio aliangua kicheko mpaka kashata ikamtoka mdomoni.

— Usinicheke, Redio. Mwawajua wale samaki wangu wa kwenye tangi la kioo sebuleni, wale wadogo wa Ziwa Malawi? Niliwaacha wote bluu, wana milia, wapole, wanakula pamoja kama watoto wa chuoni. Nikaenda Lamu kwa kazi ya mashine za barafu. Narudi jana, mmoja ni manjano matupu! Na ukali nao! Yuwafukuza wenziwe, yuwatafuna mapezi yao, na lile jiwe la katikati kalifanya lake peke yake.

— Huyo si wako, akahukumu Hakimu. Ni mwengine.

— Ndivyo nilivyosema! Nikamwambia mke wangu Mejumaa, samaki wangu umemuua kwa uzembe, ukanunua mwengine unifumbe macho. Kanijibu ati ni yuleyule, kamuona mwenyewe akigeuka pole pole, kuanzia kidevuni.

— Ukasemaje?

Kamaludin akakizungusha kikombe kitupu mkononi.

— Hasira zilinipanda. Nikamwambia, ikiwa huyu ndiye yule, basi umeachika.

Menza alikuwa akimimina kahawa. Ilijaa, ikafurika, ikamwagika kwenye viatu vya Hakimu, na Hakimu hakuondoa mguu.

— Lahaula! akasema Redio. Ya ngapi hiyo?

— Mbili zilitoka zamani, za ujana. Hii ya tatu.

Hapo hata Redio alizimika. Mbili za mwanzo mtu hurejea kwa mkewe wakasameheana, lakini ya tatu haina kurejeana. Mke wa miaka yote hiyo angekuwa haramu kwake, kwa ajili ya samaki wa kidole kimoja.

— Wende kwa sheikh, akasema Hakimu kwa sauti ya chini.

— Sheikh ataniuliza neno moja tu: ndiye au siye? Nimjibu nini?

Basi benchi zima likawa na kazi moja, kuthibitisha kwamba siye. Kamaludin aliona, ingawa wenziwe hawakuona, kwamba kila ushahidi wa kuiokoa ndoa ulimfanya Mejumaa kuwa mwongo. Lilimchoma hilo. Lakini alimtaka mkewe, na afadhali mwongo aliye ndani ya nyumba yake.

— Siye! akaanza Redio. Skiza. Haya, rangi hubadilika, na tabia je? Shemeji yangu hubadili kanzu kila siku, ukorofi wake uko palepale. Wako alikuwa mpole, huyu jambazi. Siye kabisa.

— Na leo asubuhi wa pili naye kaanza kidevuni, akasema Kamaludin.

Wakatazamana.

— Kaambukizwa! Redio akaruka. Huyo mgeni kaja na homa ya manjano!

— Samaki ashikwe na homa, naye yumo majini? akauliza Menza.

— Kwani wewe huogi? Na homa hupati?

Hakimu akainua kidole kutaka utulivu.

— Mwenye makosa ni muuzaji. Aliwapaka rangi ya bluu, kama wapakavyo vifaranga sokoni. Rangi imechujuka kwa maji. Tangu siku ya kwanza alikuwa manjano.

Redio akampigia makofi. Kamaludin uso ulimshuka.

— Hakimu, rangi ikichujuka, si samaki ni yuleyule? Wewe waniachisha mke!

— Natengua hukumu, akasema Hakimu upesi.

— Basi jini, akasema Redio. Kioo hakifunikwi usiku, jini kapita akamwingia. Ngozi ndiyo ya yule, lakini mwenyewe siye. Na talaka haiangalii ngozi.

— Na wa pili je?

— Huyo mkewe. Majini nayo huoa.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna aliyecheka. Kamaludin, aliyekuwa akimkejeli shangazi yake kwa kufukiza ubani, alijikuta anatafuta maneno ya kumwelezea sheikh habari za jini la ndani ya kioo. Alijionea aibu, na bado akayatafuta.

Wakati huo akashuka Mutunga, karani wa bandarini, aliyehamia juzijuzi chumba kilicho juu ya kijiwe. Aliamkia, akasogezewa nafasi, akapewa kahawa, na Hakimu akamsomea kesi yote bila kuombwa.

— Pole sana, mzee, akasema Mutunga. Mimi si wa dini yenu, na samaki namjua wa kukaanga tu. Lakini mama alipokusikia ukisema hivyo, alifanya nini?

— Alifanya nini vipi?

— Alibisha? Alilia?

— Hakusema neno. Aliingia chumbani, akatia nguo zake mkobani, akaniwekea ufunguo mezani. Yuko kwa kakake, Majengo.

— Waona! Redio akapiga paja. Kakimbia! Aibu imemtoa!

— Ushahidi umekamilika, akasema Hakimu. Siye.

Menza akamimina kahawa kwa wote bila kungoja kuagizwa. Kamaludin akashusha pumzi, ya kwanza nzuri tangu jana. Mutunga pekee hakugusa kikombe chake.

— Samahani, labda sijaelewa. Ulisema ameachika ikiwa samaki ni yuleyule. Sasa kama yeye alijua ni mwingine, si alijua bado ni mke wako? Aliondoka kwa nini?

Hakimu akamtazama Redio, Redio akamtazama Menza, Menza akainama kuokota vikombe visivyokuwa vitupu.

Kamaludin kwa mawazo alikuwa amesharudi sebuleni kwake, jana, saa ile Mejumaa akitoka na mkoba. Alipompita, mkewe alishusha mtandio akauficha uso wake wote, kama afanyavyo akipishana njiani na mwanamume asiye mumewe wala ndugu yake. Jana alidhani ni haya ya mtu aliyefumaniwa na uongo.