Mlisema ni Pepo, Kumbe ni Kidole Tumbo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na ambaye hataki kuitikia leo anyamaze tu, Mungu ameshanisikia. Pasta amenipa dakika chache. Pasta, samahani sana, jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu Desemba, na mkinikatiza nitalimalizia pale nje kwenye lango.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Chebet, shamba langu la chai liko juu ya kituo cha kuuzia majani, hapa hapa karibu na Litein. Chebet ni yule binti yangu mliyemchangia nauli akaenda Austria kusomea kazi ya hoteli. Niliwashukuru siku ile na leo nashukuru tena. Lakini ndugu zangu, kumchangia mtoto si kumnunua! Tangu apande ndege, kila mtu hapa amekuwa na la kumwamuru. Ooh, asisuke nywele hivi. Ooh, asivae suruali hata kama ni baridi. Ooh, huyu ni mtoto wa kanisa. Sawa, ni mtoto wa kanisa. Wakati wa uchungu wa kumzaa mlikuwa wapi?

Sasa sikilizeni. Kule Austria, mwanzoni mwa Desemba, wana desturi yao ya Krismasi. Anatokea askofu mzee, ndevu nyeupe, fimbo mkononi, anawapa watoto machungwa na njugu na peremende. Nyuma yake wanafuata vijana waliovaa ngozi za mbuzi na vinyago vya pembe, wamejifunga kengele kiunoni, wanatisha watoto watundu. Watoto wanapiga kelele, wazazi wanacheka, basi, watu wanaenda kunywa chai. Chebet alirekodi video akaituma kwa grupu letu la WhatsApp. Aliandika, "Oneni chemosit ya wazungu!" Mimi nilicheka mpaka machozi. Nani hapa hakutishwa na chemosit, lile zimwi la wazee wetu, akiwa mdogo? Nyanya yangu alikuwa akisema chemosit yuko nyuma ya ghala, anangoja mtoto asiyemaliza ugali. Tulikula tukamaliza, tukalala, tukakua. Hakuna aliyeliwa.

Lakini Mzee Wilson hakucheka. Mzee wetu wa maombi, uko pale nakuona, usiangalie Biblia, niangalie mimi. Ulisema mtoto amesimama karibu na shetani na kumpiga picha. Siku chache baadaye Chebet akaandika kwa grupu kwamba tumbo linamuuma, tumwombee. Ai! Hapo ndipo mlipopata habari mliyokuwa mnaitafuta. Mkakutana kwenye ushirika wa nyumba, mkakubaliana kwamba ni pepo wa pembe amemwingia. Mkampigia simu mkamwamuru afunge, mfungo mkavu, hata maji asionje. Mkamwambia asiende kwa daktari maana ugonjwa huo hospitali haiujui. Na mimi mamake hamkuniambia! Eti tusimsumbue Mama Chebet, ana presha. Presha hiyo mliipima lini?

Nilijua vipi? Nilikuwa kituoni, kikapu bado kiko mgongoni, nangoja majani yangu yapimwe. Mama Mercy akanijia na uso wa huruma, akanishika mkono. "Usijali, Mama Chebet. Tuko naye kwenye mfungo. Kesho anamaliza."

"Nani anamaliza nini?"

Akanieleza, pole pole, kama anayempa mtu habari njema. Ndugu zangu, nilitupa kikapu. Majani yakamwagika chini, watu wakayakanyaga, sikuona. Nilipiga simu pale pale. Chebet akashika, na sauti ile haikuwa ya mtoto wangu. Ilikuwa kama ya mgonjwa aliyekwisha kukata tamaa.

Nikamuuliza maumivu yako wapi. Akasema yalianza kwenye kitovu, sasa yameshuka upande wa kulia, hawezi hata kunyoosha mguu, na anatapika maji ya kijani. Wacha niwaambie, mimi si daktari, lakini ndugu yangu alikuwa hivyo hivyo kabla ya kupasuliwa kidole tumbo. Nikajua.

"Chebet, kadi ya bima iko wapi?"

Maana kabla hajasafiri, tuliitwa mkutano na watu waliomwandalia masomo, na mama mmoja pale alitusisitizia sana. Kila mwanafunzi anayekwenda nje ana bima ya matibabu, na nyuma ya kadi kuna namba ya kupiga saa yoyote, usiku au mchana, wanaongea Kiingereza, wanakutafutia hospitali na gari la kukupeleka. Hakuna haja ya kuogopa, kila kitu kimepangwa. Mtoto alikuwa amelala na kadi hiyo chini ya mto! Msaada uko chini ya kichwa chake, na anaogopa kuunyooshea mkono. Mnajua aliniambia nini? "Mama, nikipiga, Mzee atasema nimevunja mfungo. Kanisa zima litajua."

Alikuwa anakufa, na hofu yake ni nyinyi. Si kifo. Nyinyi!

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekuzaa na nimeuvunja huo mfungo mimi mwenyewe. Nisomee hiyo namba." Akanisomea. Karani wa kituo, Mungu ambariki, akanipa simu yake nipige nayo, yangu ikabaki hewani na Chebet. Mama aliyepokea kule hakuniuliza dini yangu. Aliuliza mtoto yuko wapi, anaumwa wapi, anapumua vipi. Akasema ambulensi inatoka sasa hivi. Kisha akauliza kama kuna mtu karibu wa kumsaidia kushuka, kwa sababu hosteli ile ni ghorofa na haina lifti, na kila dakika ina maana.

Wakati huo huo nikasikia kwenye ile simu nyingine mlango wa Chebet ukigongwa. Chebet akaanza kulia. "Mama, ni yule."

"Yule nani?"

"Yule wa pembe."

Ni jirani yake, mwanafunzi mwenzake anaitwa Lukas. Ni mmoja wa wale waliovaa vinyago siku ile, na ngozi yake ya mbuzi ilikuwa imetundikwa kwenye korido ikauke. Alikuwa amemsikia akilia ng'ambo ya ukuta. Jana yake alikuwa amemwachia supu mlangoni, ikapoa pale pale, kwa sababu Mzee alikuwa amemwambia asipokee kitu cha mkono wake wala asimfungulie. Asimfungulie! Mtu wa pekee katika nchi nzima aliyekuja kuuliza, "Uko sawa?"

"Fungua mlango, Chebet!" Nilipiga kelele mpaka karani akaacha kupima. "Tambaa ukafungue! Hata akiwa na pembe nne!"

Nikasikia akitambaa. Nikasikia akilia kwa kila hatua. Nikasikia ufunguo. Halafu sauti ya kijana, maneno ya kwao nisiyoyajua, na simu ikaanguka. Ndugu zangu, msiniulize nilingojaje. Nilipiga magoti palepale kwenye majani yangu yaliyokanyagwa nikamwambia Mungu, huyu kijana mpe mgongo wenye nguvu.

Alimbeba. Alimshusha ngazi zote mikononi mwake, ambulensi ikawakuta nje kwenye theluji, na yeye hajavaa hata koti, kwa sababu koti alikuwa amemfunika nalo binti yangu. Chebet akapasuliwa siku hiyo hiyo. Kidole tumbo kilikuwa kimeshaanza kupasuka. Daktari aliniambia mwenyewe kwenye simu kwamba angengoja mfungo uishe, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Lukas hakuondoka hospitalini mpaka alipomwona amefungua macho. Na bima ikashughulikia yote, kama tulivyoambiwa.

Sasa hasira yangu. Jumapili iliyofuata nilikuja hapa kumshukuru Mungu, na kabla sijasimama, ikatangazwa kwamba mfungo umefaulu na pepo ametoka! Watu wakapiga vigelegele! Nilikaa kwenye benchi nikauma kitambaa. Leo siumi kitu. Mungu alimponya Chebet, hilo nalishuhudia mbele zenu na mbele za malaika. Alimponya kwa namba nyuma ya kadi, kwa kisu cha daktari, na kwa mikono ya kijana mliyemwita shetani. Mungu hakuomba ruhusa ya kamati yenu.

Mzee Wilson, nimekusamehe. Sisemi ni rahisi, hasira inatoka kidogo kidogo. Lakini hujanipigia simu hata mara moja kuuliza mtoto anaendeleaje, na hilo linaniuma kuliko mfungo.

Ndugu zangu, mwaminini Mungu. Nawasihi, mwaminini kweli kweli! Nimemwona akifika mahali ambapo mimi mama nisingefika. Ombeni, fungeni, kesheni. Lakini mgonjwa akipiga kelele, mpelekeni hospitali, na maombi yamfuate njiani.

Na nyinyi vijana mnaokaa pale nyuma, mnaosafiri kwenda kusoma, ambao leo tunawawekea mikono, simameni niwaone. Tutawaombea, na mtaenda salama. Mkiugua huko, pigeni ile namba kwanza. Halafu mpigieni mama. Na mzee yeyote akikupigia kukwambia ungoje, mwambie anipigie mimi.