Mtaa Uliotundikwa Kwenye Kamba

Asije mtu akakusimulia habari hii kwa namna nyingine, maana mimi nilikuwepo. Sikuhadithiwa. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na macho yangu haya ambayo hayajawahi kuomba miwani. Shule niliiacha mapema, lakini kuangalia sikuacha. Tena benchi letu pale mbele ya kinyozi lina mguu mmoja mfupi, na mimi ndiye ninayekaa upande ule kwa kuwa Mungu alinijalia uzito. Nikiinuka tu, kila mtu anamwagikiwa kahawa mapajani. Kwa hiyo hata ningetaka kuondoka siku ile, wasingeniruhusu. Upande wa pili anakaa Stempu, mzee aliyestaafu posta lakini shati la posta likakataa kustaafu naye. Katikati anakaa kinyozi mwenyewe akikosa mteja. Tunamwita Mashine, maana akianza kuongea hazimiki mpaka umeme ukatike. Kahawa anauza Shangazi Birika, kwenye jiko lake dogo pembeni ya mlango. Na wa nne ni Fundi, mshona nguo, ambaye chumba chake kimebanwa kati ya kinyozi na posta kama mtu aliyechelewa kwenye picha ya familia.

Asubuhi hiyo Fundi alitoka chumbani amekumbatia kitambaa kikubwa kama shuka la kitanda, akakitundika kwenye kamba ambayo Mashine hukaushia mataulo. Akakinyoosha pembe. Akarudi nyuma hatua chache, akakinyoosha tena. Halafu akaja kukaa benchini kama mtu ambaye hana habari yoyote.

– Leo umevaa ya nani? Stempu akamuuliza. Ndiyo salamu yao. Fundi havai nguo ila zile ambazo wateja walizishonesha wakasahau kuzichukua, na ya siku hiyo ilikuwa na mikono mirefu inayomfika vidoleni.

– Ya yule mwalimu aliyehama.

– Alikuwa na mikono kama ngazi huyo. Na hilo shuka?

– Kuna mteja kaliacha. Nimelianika lipate hewa.

Huo ulikuwa uongo, na ulimtoka vibaya, kama uzi unaopita tundu la sindano ukiwa umechanua. Kitambaa kile alikishona yeye. Kila siku, baada ya mteja wa mwisho kutoka, alikuwa akikusanya mabaki yaliyoanguka chini ya cherehani na kuyaunganisha kipande kwa kipande, mpaka ukatokea mtaa wetu mzima: duka la chumvi na sabuni, gereji, kinyozi, posta, mtaro wa maji machafu, kamba yenye mataulo, hata mbuzi wa jirani aliyependa kulala barabarani. Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Mkewe na kaka yake mkubwa, yule anayeishi mji mkubwa, aliyekuja kuwatembelea akakiona kikiwa nusu, akasema, "Mtu mzima unashona vinyumba? Hiyo si kazi ya asiye na kazi?" Neno hilo likamkaa Fundi kama ncha ya sindano iliyovunjikia kidoleni. Mkewe alipoona hali hailainiki, akamwambia: kapeleke kwa watu wa benchi, wakisema ni takataka, ni takataka.

Lakini Fundi anatujua. Tukijua kitu ni cha mwenzetu, tutakisifia mbele yake, halafu akigeuka tutakicheka mpaka kahawa itutoke puani. Ukweli wetu hutoka kwa vitu vya watu tusiowajua. Ndiyo maana akadanganya. Na mfukoni alikuwa na mkasi. Tukicheka, atakikata kiwe foronya za mito siku hiyohiyo, na habari za kushona kitu kisichovaliwa hatazirudia tena. Haya ya ndani ya kichwa chake aliniambia mwenyewe baadaye, nikiwa nimekaa palepale benchini, kwa hiyo nayo nahesabu nimeyashuhudia.

Mashine ndiye aliyeinuka wa kwanza kukisogelea.

– Hebu ngoja. Huu si mtaa wetu huu?

– Mtaa wetu una nini cha kushonwa, akasema Stempu, lakini naye akainuka.

– Mzee, angalia mtaro. Angalia ulivyopinda pale mbele ya gereji. Mtaro wa wapi tena umepinda hivi duniani?

Shangazi Birika akaacha jiko. Mimi sikuinuka, kwa sababu ya vikombe, lakini kwa macho yangu hata nikiwa nimekaa niliona kuliko wao.

– Ni kwetu, akasema Shangazi. Yule pale ni mbuzi.

– Sasa nani kashona? akauliza Mashine, na kabla hajajibiwa akajijibu. Nitawaambia. Hiki kimetoka kiwandani nje huko. Siku hizi kuna kamera inazunguka juu, unaiona kama nyota. Inapiga picha mtaa, picha inaingia kwenye mashine, mashine inashona. Binadamu hajagusa.

– Mashine gani itashona mbuzi amelala? akauliza Shangazi.

– Mbuzi alikuwa amelala wakati kamera inapita.

Fundi akameza kahawa ikiwa moto. Akasema taratibu, akitazama kikombe:

– Huo ni mshono wa mkono. Mashine haishiki kona namna ile.

– We mteja wako amekuambia?

– Nakisia tu, kaka.

– Basi usikisie. Mimi nina mashine mbili za kunyolea, najua tabia za mashine.

Stempu alikuwa amefunga mikono nyuma, anatembea mbele ya kitambaa kama anakagua vifurushi.

– Wote mmekosea, akasema. Hiyo ni ramani. Kuna kampuni inataka kununua mtaa wote. Ramani ya karatasi inavuja siri, mtu yeyote anaifungua bahasha kwa mvuke wa chai, mimi nimeona. Ya kitambaa unaikunja, unaiita shuka, inapita mpaka kwa mkurugenzi. Hizo rangi ni bei. Nyekundu ghali, bluu rahisi.

– Mbona gereji nyekundu na posta bluu? akauliza Mashine.

– Ndiyo maana nasema hawajui kazi.

– Na mbuzi bei gani?

– Mbuzi ni alama. Sifichui zaidi.

Shangazi akacheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye kitambaa.

– Nyinyi wanaume mnajua bei na mashine tu. Hiki kashona mwanamke. Binti wa hapahapa, aliolewa mbali, huko kwenye baridi isiyoisha. Amefungiwa kwenye nyumba yenye vyumba ambavyo hata hajaviingia vyote. Hana wa kuongea naye. Basi anashona alikotoka asije akapasahau. Tena huyo mume ni mfalme.

– Mfalme wa nini?

– Wa huko huko. Amesikia mkewe analia, akamnunulia nyuzi.

Mashine akakaribia mpaka pua ikagusa kitambaa, akarudi amevimba kifua.

– Shangazi, sasa umesema. Binti huyo namjua. Angalia mlango wangu. Milango yote imeshonwa uzi mweusi, wa kwangu peke yake mwekundu. Malkia wa watu bado ananifikiria.

– Uzi mweusi uliisha, akasema Fundi.

Wakamgeukia wote. Fundi akavuta mkono mrefu wa shati ukaficha vidole.

– Yaani, naona kama uliisha. Fundi mwenzangu huyo. Ningekuwa mimi, ungekuwa umeniishia hapo.

– Huna hisia, we fundi, akasema Mashine. Halafu akakunja uso. Ila malkia kanifanyia duka dogo. Na kitambaa cha ukuta wangu ni kama cha suruali yangu ile ya harusi.

– Kila mwanaume wa hapa ana suruali hiyo, akasema Shangazi. Lilikuja robota zima dukani, mkaoa wote mmevaa sare kama bendi.

Hapo tulikuwa tunacheka, lakini tulikuwa tunacheka sisi, si kitambaa, na Fundi akaanza kuegemea ukuta. Ndipo Stempu, bila ubaya wowote, mzee wa watu, akatikisa kichwa na kusema:

– Awe malkia, awe nani. Mtu mzima kukaa chini kushona mtaa. Hana kazi?

Niliuona mkono wa Fundi ukiingia mfukoni. Nilikuwa sijui kuna mkasi, nilidhani anatafuta hela ya kahawa. Akainuka, benchi likayumba, akaenda hadi kwenye kamba akashika pembe ya kitambaa kama anayetaka kukianua.

– Basi nikitoe, akasema. Kimeshapata hewa.

– Subiri, akasema Stempu.

Mzee alikuwa ameinama. Kidole chake kilikuwa kwenye ukuta wa posta, chini kidogo ya dirisha, mahali ambapo mimi na uzuri wa macho yangu yote sikuwa nimepaona. Palikuwa na baiskeli imeegeshwa. Ndogo, ya nyuzi za kijivu, na nyuma yake begi, na kwenye usukani kengele ya kifungo cha shati.

– Hii baiskeli ni yangu, akasema Stempu.

Baiskeli ile ilikufa kutu siku nyingi. Mabaki yake yalichukuliwa na watu wa vyuma chakavu, na Stempu tangu hapo hutembea kwa miguu na hapendi kuulizwa. Mzee akaigusa kengele ile ya kifungo, kwa ukucha, kama anataka ilie.

– Iliegemea hapahapa. Upande huu huu. Pedali ya kushoto ilikuwa inagusa ukuta, ona, inagusa. Akanyoosha mgongo. Nafuta niliyosema. Huyu mtu ana kazi. Na kazi anaijua.

– Nilisema mimi, ni malkia, akasema Shangazi.

– Hata akiwa mbuzi, akasema Stempu. Hebu niambieni mji gani mwingine una mtaa wake umeshonwa. Huko kwenye maghorofa wanacho? Wana picha za kuchapwa, unanunua leo, kesho unaiona kwa jirani. Sisi tunacho kimoja, cha mkono, na baiskeli yangu imo.

– Na mlango wangu, akasema Mashine.

– Na moshi wangu, akasema Shangazi, kwa sauti ya chini, maana alikuwa ameuona sasa hivi: uzi mweupe mmoja uliochambuliwa, unapanda kutoka kwenye jiko dogo kuliko ukucha.

Mkono wa Fundi ukatoka mfukoni mtupu. Aliachia ile pembe. Wao hawakumwona, walikuwa wameshaanza kugombea mahali pa kukitundika. Stempu alitaka posta, kwa heshima. Mashine alitaka kwake, mbele ya kioo, ili mteja anaponyolewa auone mtaa mbele na nyuma. Shangazi akauliza tangu lini kitu cha thamani kikatundikwa kwenye nywele. Walijisifu, walipandisha sauti. Usingejua kuwa muda mfupi uliopita mtaa huohuo haukuwa na cha kushonwa. Na mwenye kitambaa, yule mteja? Atakuja kukichukua? Asikichukue, akasema Mashine. Tumfiche Fundi, mteja asimpate.

Mama mmoja msafiri alikuwa amekaa kwenye begi lake kando ya gereji, anasubiri basi lizibwe tairi. Alikuja kununua kahawa. Akanywa amesimama, anatazama kitambaa, anatazama mtaa, kitambaa, mtaa, kama mtu anayelinganisha chenji.

– Samahani, ndugu zangu, akasema. Kila kitu nimekiona. Hapa kinyozi, hapa posta. Lakini katikati yao kwenye kitambaa kuna anga tupu. Na hapa naona kuna chumba. Mbona hicho hakikushonwa?

Tukageuka sote. Chumba kilikuwa pale, mlango wazi, cherehani inatazama barabara. Tukageuka kwenye kitambaa: bluu ya anga, imeshuka mpaka chini. Mashine akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, umeme upo, hakikutoka kitu. Ni nani angeuweka mtaa mzima, na mbuzi, na moshi, halafu akasahau chumba kile? Hata mfalme asingejua kujibu. Basi macho yetu yakahama, taratibu, kutoka kitambaa hadi kwenye mikono ile mirefu ya shati la mwalimu.

Fundi alikuwa anatazama viatu vyake.

– Sikukisahau, akasema. Kila nyumba nimeishona kwa mabaki ya nguo za wenyewe. Ya kinyozi ni suruali ya kinyozi. Posta ni mashati ya posta. Sasa mimi sijawahi kujishonea. Mabaki yangu sina.

Stempu akashika mfuko wa shati lake la posta, ule wa kifuani aliokuwa akiwekea kalamu maisha yake yote, akauvuta. Ulitoka na sauti ya kuchanika. Akamwekea Fundi mkononi.

– Ukuta huo, akasema.

Mashine akaingia ndani, akatoka na kipande cha shuka la kunyolea watu. Shangazi akakata ncha ya kitambaa anachoshikia birika, kimekolea kahawa mpaka kimekuwa rangi ya mbao. Huo mlango, akasema, na usinifulie. Na mkasi uliotumika kukata ni uleule; Fundi aliutoa mwenyewe, na ndipo tulipoujua.

Akakishona chumba chake palepale, amekaa katikati yetu, kitambaa kikiwa kimelala kwenye mapaja ya benchi zima. Basi la yule mama likapiga honi, akakataa kupanda kabla mlango haujakamilika, na dereva akateremka kuja kumfokea, akabaki naye kuangalia. Alipofunga fundo la mwisho Fundi alisugua jicho, akasema uzi umemwingia, tukamwambia pole, uzi ni mbaya.

Mpaka leo kiko kwa Mashine, mbele ya kioo. Kaka wa mji mkubwa alikuja tena kusalimia, akanyolewa, akakaa pale muda mrefu baada ya nywele kuisha, akitafuta kwenye kitambaa alipo mdogo wake.

Haya nimeyaona mwenyewe, na hakuna nililoongeza ila moja dogo. Lile la uzi. Fundi hakusema uzi, ni mimi nimeutia, kwa kuwa ni rafiki yangu na habari hii itasomwa na watu. Hakuna kilichomwingia jichoni.